Sala Iliyobaki Jikoni

Masika, mama yangu,

Shangazi yako wa Keshero amekwisha kukuambia kila kitu, najua. Ndiyo maana nimekuacha uende kumuaga peke yako. Saa hizi anakuonyesha namna ya kukunja shuka, anakukataza kunywa maji yasiyochemshwa, na anakuuliza kwa mara ya nne kama umechukua koti la mvua. Huyo akishaanza, hata padri hamkatizi. Kwa hiyo mimi sina la kuongeza juu ya shuka wala maji. Boti ya Bukavu inaondoka kesho asubuhi, masista wanakungoja huko, na sanduku lako nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu ilikataa.

Nimetoka misa ya pili. Unajua watu wanavyonifanya tangu jina lako lilipotangazwa kanisani, kwamba unakwenda kuanza malezi ya usista. Leo nimesimamishwa mara saba kati ya mlango wa kanisa na barabara. Mama Furaha, jirani yetu, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu.

“Papa Masika, aksanti ya kutuzalia sista,” aliniambia. “Ile njo matunda ya sala yako.”

Nikatabasamu, nikashukuru. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa mezani, na nimekaa hapa tangu saa tano bila kugusa chakula ulichonifunikia. Si matunda ya sala yangu, Masika. Wewe unajua hivyo na mimi najua, na tangu mama yako azikwe hatujalisema hata siku moja. Nisipoliandika leo nitakwenda nalo kaburini.

Mimi ni mwalimu. Nimeshika kalamu nyekundu miaka mingi kuliko niliyomshika mama yako, na ugonjwa wa walimu ni kwamba kalamu hiyo hawaiachi shuleni. Nimesahihisha tangazo la mauzo ya mbao lililopigiliwa ukutani. Nimesahihisha kadi ya harusi mbele ya bibi harusi. Wewe mwenyewe ulipoanza kuandika ulinichorea picha ya siku yangu ya kuzaliwa, nikazungushia kosa la herufi kwa wino mwekundu. Mama yako aliificha ile picha ili usiione tena. Watu wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, walipotafuta mtu wa kuongoza sala zao za nyumba kwa nyumba, walinichagua mimi kwa sababu nilijua mafumbo yote ya rozari kwa mpangilio, litania bila kitabu, na siku ya kila mtakatifu. Nilifurahi mno, nakiri. Nilidhani Mungu naye amepata mwalimu mkuu.

Sasa nikurudishe kwenye ule mwezi wa Oktoba. Ulikuwa na miaka minane. Unakumbuka, nina hakika, lakini uliona kwa urefu wa mtoto, na nataka nikuambie mambo yalivyoonekana kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

Kila jioni ya mwezi ule sanamu ya Bikira Maria ilihama nyumba. Ilipofika zamu yetu, mama yako alisugua sakafu ya mbao tangu asubuhi, akafagia uwanja mpaka yale mawe meusi ya mlima wa moto yakang'aa, akatandika mezani kitenge chake cha sherehe na kuweka maua katika kopo la maziwa. Unajua desturi yetu: mama wa nyumba ndiye anayempokea Maria mlangoni, na nia ya kwanza ni yake. Alikuwa anaingoja jioni ile kwa miaka. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Kulikuwa na mgeni kutoka parokia, amekuja kuona mashirika yanavyosali, na nilitaka letu lionekane.

Mama yako akaweka sawa kitambaa cha meza, akamwangalia Maria usoni, akaanza.

“Mama Maria, karibu kwetu. Weye unatoka mbali, na miye nilitoka mbali. Tuanzie kule juu. Kwa Muzee Bahati, mwenye alibakia peke yake ku nyumba. Na ng'ombe yake ya pembe moja, sijui kama iko hai. Kwa Mama Nyota, mwenye alinibeba ku mugongo tukikimbia. Kwa ule mutoto wake mwenye hakufika…”

Alikuwa anashuka kutoka milima ya Masisi, nyumba kwa nyumba, kama walivyoshuka walipokimbia vita yeye akiwa msichana. Leo naelewa. Siku ile niliona saa tu. Niliona mgeni anabadilisha mguu wa kusimamia. Nikamkatiza.

“Mama Masika,” nilisema, “hii iko saa ya nia, haiko saa ya habari. Na ng'ombe tumuachie veterineri.”

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, hata mgeni. Mimi nilifurahi kwamba wamecheka. Katika yote niliyofanya maishani hilo ndilo linaloniuma zaidi, kile kifuraha kidogo kifuani mwangu. Mama yako aliinamisha macho. Alinyoosha pembe ya kitambaa ambayo ilikuwa imenyooka tayari, akasema “Utuombee,” akakaa. Wewe ulikuwa umesimama karibu naye umeshika mshumaa. Nta ilikuwa inakudondokea mkononi na hukulia. Ulikuwa unaniangalia mimi.

Usiku alinipakulia bugali na sombe kama kawaida. Nilimuuliza kuna nini.

“Hakuna, Papa Masika. Kula.”

Tangu siku ile hakusali tena kwa sauti mbele ya watu. Tulipokwenda nyumba za wengine alijibu tu, Amina na Utuombee, mwaka baada ya mwaka. Na mimi, mjinga niliyesoma, nilidhani hatimaye amejifunza.

Kisha siku moja nilikuwa upande wa pili wa ule ukuta wa mbao, nasahihisha madaftari, na ninyi wawili mlikuwa jikoni mnachambua maharagi. Nikasikia sauti yake. Alianza kule juu. Akapita kwa Muzee Bahati, kwa ng'ombe, kwa Mama Nyota, akashuka hadi Sake, akapumzika pale kidogo kwa watu waliowapa maji, akaingia mjini, akafika huku kwetu Mabanga, akaanza kupita nyumba za njia yetu moja moja. Na wewe ulikuwa unamkumbusha: “Umeruka kwa Mama Furaha.” Akarudi nyuma kwa Mama Furaha. Alipofika mlangoni kwetu nikasikia jina langu.

“Na Papa Masika, umupe usingizi. Anachokaka sana na watoto ya batu.”

Kalamu ilinianguka. Kati ya kiti changu na mlango wa jikoni ni hatua saba, nimezihesabu mara nyingi baadaye. Ningeinuka. Ningeingia, nikakaa chini nikachukua maharagi. Badala yake nilikohoa ili mjue nipo, na mkanyamaza. Baada ya hapo mlikuwa mkisikia viatu vyangu mnanyamaza kabla sijafika. Nyumba yangu ilikuwa na sala ndani yake, na mimi, msalishaji, ndiye niliyekuwa mgeni.

Nilikwenda kuungama kabla ya Pasaka. Usishangae kwamba nakuandikia maungamo yangu. Padri ndiye aliyefungwa mdomo, mimi sijafungwa. Nilisema nimekuwa na majivuno katika sala na nimemwaibisha mke wangu. Yule padri alikuwa mzee, nilidhani amesinzia. Akauliza:

“Bibi yako anajua kama unajuta?”

“Hapana, padri.”

“Basi malipizi yako ni hii. Jioni moja, mama atangulie sala mu nyumba yenu. Utamuomba wewe mwenyewe. Na wewe utajibu Amina. Basi, kwenda na amani.”

Nilitoka nimekasirika. Nilikuwa nimetegemea rozari tatu, ningezimaliza kabla ya kufika barabarani. Hata tano zisingenishinda. Lakini kumwendea mke wangu na kumwambia tangulia, nitakufuata, hilo lilinishinda. Nilisema kesho. Pasaka ikapita. Mitihani ikaja, nikasema baada ya mitihani. Na kila Jumapili nilipanga mstari kupokea komunio, mwalimu mzima, huku kazi yangu ya nyumbani sijaifanya. Ningekuwa mwanafunzi wangu, ningejipigisha magoti mwaka mzima.

Halafu vita ikaingia mjini. Ile siku ya tatu, mchana, tumelala sisi watatu chini ya meza, maji yameisha katika bidon, na mabati yanatetemeka. Ulisema, “Papa, utusalishe.” Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi uniombe kitu kama hicho. Nikafungua mdomo. Masika, hakukuwa na kitu. Nilisema “Salamu Maria, umejaa neema,” na njia ikaishia pale. Nikaanza tena, ikaishia palepale. Maneno niliyoyajua kwa mpangilio yalikuwa yamekimbia pamoja na watu.

Ndipo mama yako, shavu lake sakafuni, akaanza kule juu. Polepole, sauti ya mtu anayeongea na jirani yake kupitia ukuta. Muzee Bahati. Ng'ombe wa pembe moja, ambaye kwa hesabu yoyote alikuwa amekufa zamani. Hakuna aliyecheka. Mimi majina sikuyashika, nilishika sauti tu, lakini ile sauti ilijua inakokwenda. Alipofika kwetu milio ilikuwa haijakoma. Sitakudanganya kwamba ilikoma. Ila nilikuwa naweza kupumua.

Niliupapasa mkono wake, nikaukamata. Nilidhani mkono unatosha. Mkono haukutosha, kwa sababu si mkono uliomkosea. Na usidhani kwamba siku ile nilitimiza malipizi yangu. Waliomfanya mama yako asali ni wewe na risasi. Mimi sikumwomba.

Miezi mitano baadaye moyo wake ulianza kuvimba. Ulikuwepo siku zote hospitalini isipokuwa ile asubuhi ya mwisho, nilipokutuma nyumbani kuleta uji, na hilo pia naomba unisamehe. Hujawahi kuniuliza yaliyotokea ukiwa njiani. Nakuambia sasa.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikasali rozari. Kwa sauti, vizuri, kwa mpangilio. Mafumbo ya uchungu, kisha litania. Wagonjwa wa vitanda vingine wakawa wanaitikia, na mama mmoja akasema huyu mzee anajua kusali. Mama yako akafungua macho.

“Papa Masika, ngoja kidogo,” alisema. “Nyamaza. Niko nasema naye.”

Nikanyamaza. Midomo yake ikaanza kwenda. Nilijua anaanzia wapi. Nikainama, nikaweka sikio karibu kabisa na kinywa chake, nisikie walau mara moja nikiwa nimealikwa, na sikusikia kitu. Pumzi tu. Baada ya muda midomo ikasimama. Sijui alikuwa amefika wapi, mwanangu. Labda alikuwa bado Sake. Sijui kama alifika nyumbani kwetu.

Hiyo ndiyo sentensi ninayolala nayo.

Siku ya kumaliza kilio watu walikuomba useme sala moja ya mama yako. Mimi ndiye niliyewachochea, kwa sababu nilitaka kuisikia na sikuwa na uso wa kukuomba mwenyewe. Ulinijibu mbele yao, kwa adabu, bila kupandisha sauti: “Papa, ya mama inabakiaka jikoni.” Wakadhani ni huzuni. Mimi nilijua ni mlango, na kwamba niliufunga mwenyewe kwa mkono wangu wakati ulikuwa na miaka minane.

Sasa unakwenda kwa watu wa sala. Watakufundisha zaburi za asubuhi na za jioni, na namna ya kukaa kimya, na vitabu. Vipende, Masika. Usije ukafikiri kwamba kwa sababu ya baba yako sala za vitabuni ni mbaya. Mama yako alipokwisha kuzikwa sikuwa na neno hata moja la kwangu, na Baba Yetu ndiyo iliyonishika mkono ikanifikisha jioni, kama mtu anavyomsindikiza mlevi nyumbani. Sikuielewa wala sikuihisi. Ilinifikisha tu. Kosa langu halikuwa kujua maneno. Kosa langu lilikuwa kudhani Mungu anasikiliza jinsi mimi ninavyosahihisha.

Kutakuwa na siku utapiga magoti na hutapata kitu. Sikuambii hivyo kukutisha. Mimi hukaa kanisani nusu saa baada ya shule, mbele ya tabernakulo, na karibu kila siku hakuna kinachotokea, naangalia ile taa nyekundu na kufikiria magoti yangu. Zamani ningeona aibu. Sasa nakaa tu. Mama yako naye alinisubiri miaka kumi na moja bila kunifukuza mezani, na huenda ndivyo nilivyofundishwa kukaa mahali bila kujibiwa.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeongoza, umevaa kitambaa cheupe, na mbele yako kuna mama wa mlimani ameanza nia ndefu, na amemwingiza ng'ombe, na mgeni wako anaangalia saa: mwache ng'ombe apite.

Nina jambo jingine moja. Ukifika huko na ukaona kwamba hukumfuata Mungu, ulikuwa unamkimbia baba, rudi. Panda boti urudi hata kama ni baada ya wiki mbili. Mama Furaha atasema atakayosema, nami nitakuwa bandarini. Uongozi wa shirika nimeuacha wiki iliyopita. Niliwaambia ni kwa sababu ya magoti. Kwa hiyo hakuna jina langu la kulinda.

Mvua imeanza, na shangazi yako hatakuacha uondoke mpaka ikatike. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku, chini ya kamba, kisha nitakwenda kanisani nikakae kidogo, uisome bila mimi kukuchungulia.

Kesho nitaamka kabla yako, nitawasha makaa ya mbabula, nitapika chai. Kile kigoda cha mama yako nimekirudisha jikoni mahali pake. Nilikuwa nimekificha chini ya kitanda tangu kilio. Hicho ni chako. Mimi nitakaa chini, pale ulipokuwa unakaa wewe na maharagi yako. Kama hutaki, kunywa chai, nitabeba sanduku, tutaongea habari za ziwa mpaka bandarini, na sitakuuliza kamwe. Ni haki yako, na nitakubariki vilevile.

Lakini kama unaweza, Masika, nakuomba. Yule padri mzee amehamishwa, na niliyepaswa kumwomba yuko chini ya mawe meusi, kwa hiyo nakuomba wewe. Anza kule juu, kwa Muzee Bahati. Shuka polepole, boti itatungoja. Ukiruka nyumba, ukisahau mtu, ukipotea njia katikati, sitakusahihisha.

Mfikishe nyumbani. Ukifika mlangoni kwetu nitasema Amina.

Papa yako